Gurudumu Kubwa ni Lipi?

(Hotuba iliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Rongai. Imeandikwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)



Katika mkutano uliopita mlituchagua sisi watu watatu wa genge la njia, tuchunguze habari ya gari linalotuchukua kazini, kisha turudi tuwaeleze. Tumefanya hivyo. Hatukuwa na mhandisi wa kutuongoza. Tulikuwa na chaki, kamba, futi ya kupimia, na kipima upepo tulichoazimwa na fundi wa tairi hapa mjini. Kwa hiyo mkituona tunaeleza mambo ya gari kwa njia ya watu wa reli, mtuwie radhi.

Jambo lenyewe mwalijua, lakini yafaa likumbushwe ili lisije likageuzwa. Kwa miaka mingi tulikwenda kazini kwa lile gari la zamani la turubai, lenye mabenchi ya mbao pande mbili. Halikuwa gari zuri. Vumbi liliingia, mvua iliingia, na mtu akishuka alikuwa mwekundu kama tofali. Mwaka uliopita mkandarasi tunayemfanyia kazi aliliondoa, akaleta basi dogo jipya lenye viti vya kitambaa, madirisha ya kioo, na rimu zinazong'aa. Siku ya kwanza tulishangilia. Haukupita muda mrefu migongo ikaanza kutuuma. Mwenzetu mmoja alilala hospitali siku 3, na mwingine hata sasa hawezi kuinua taruma bila kushika kiuno kwanza.

Wajumbe wetu walipokwenda kulalamika, walijibiwa hivi: "Gari la zamani lilikuwa na magurudumu ya inchi 16. Hili jipya lina inchi 17. Kila mtu ajua gurudumu kubwa hupita juu ya shimo vizuri kuliko dogo. Basi mnalalamikia nini?" Wajumbe wakanyamaza, wakarudi. Hatuwalaumu. Sisi pia tungalinyamaza, kwa maana neno lile lina ukweli ndani yake. Ndiyo sababu tulianza uchunguzi wetu hapo.

Ni kweli kwamba gurudumu kubwa hupita shimo vizuri. Wazee wa sehemu hizi walilijua jambo hilo kabla ya magari. Mwaka 1908 Makaburu waliotoka Afrika Kusini na van Rensburg walishuka kwenye gari la moshi Nakuru, wakafunga ng'ombe kwenye magari yao ya mbao, wakapanda hadi uwanda wa Uasin Gishu. Magari ya namna ile yalikuwa na magurudumu makubwa nyuma, na madogo kidogo mbele ili yaweze kukata kona. Hawakuyafanya makubwa kwa fahari. Gurudumu dogo likiingia matopeni au likikutana na jiwe husimama, nalo kubwa hupanda.

Leo mtu yeyote aweza kuliona jambo hili barabarani. Tazameni tuktuk na pikipiki ya bodaboda zikienda katika barabara moja. Tuktuk ina rimu ya inchi 8 tu, na gurudumu zima, pamoja na mpira wake, halifiki nusu mita kwa kimo. Pikipiki ina rimu ya inchi 17. Shimo ambalo bodaboda hulipita kwa mtikiso mdogo, tuktuk hutumbukia na abiria akagonga kichwa. (Tuktuk ina taabu nyingine pia. Magurudumu yake hupita katika mistari mitatu. Dereva akilikwepa shimo kwa magurudumu ya nyuma, lile la mbele lililo katikati hulikuta.)

Lakini hatukutaka kuamini kwa macho tu. Tulichora duara kwa chaki na kamba juu ya sakafu ya saruji, kwa kipimo chake kamili, tukaweka alama ya shimo lenye upana wa sentimita 40. Kisha tukapima gurudumu litashuka kiasi gani kabla ya kushikwa na kingo mbili za shimo. Gurudumu la lori, lenye kimo cha mita 1, lilishuka kama sentimita 4. La bodaboda, lenye kimo cha sentimita 58, lilishuka sentimita 8. La tuktuk, lenye kimo cha sentimita 42, lilishuka zaidi ya sentimita 14, yaani likitaka lingeweza kulala humo. Aliye na mashaka achukue chaki, ajaribu mwenyewe. Ni kazi ya nusu saa.

Basi hadi hapo yule bwana alikuwa na haki. Gurudumu kubwa ni bora. Tulirudi kwenye lile basi dogo tukiwa na swali moja tu: inchi 17 ni inchi 17 za nini?

Ndugu, hapa ndipo tulipodanganyika sote. Inchi 17 si kimo cha gurudumu. Ni kimo cha rimu, yaani kile chuma cha katikati. Mpira unaozunguka chuma haumo katika hesabu hiyo. Ni kama mtu aseme nyumba yake ni kubwa kwa sababu ina mlango mpana.

Ubavuni mwa tairi la basi lile pameandikwa 225/55R17. Wengi wetu tulizoea kuyaona maandishi ya namna hii bila kuyasoma. Fundi wa tairi alitufundisha, nasi twawafundisha. Namba ya kwanza, 225, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 55, ni kimo cha ubavu wa mpira, lakini si kwa milimita wala kwa inchi. Ni sehemu 55 katika kila 100 za ule upana. Herufi R yaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Namba ya mwisho, 17, ndiyo inchi za rimu. Chukueni 225, mkate sehemu 55 kwa 100, mtapata milimita 124 kwa karibu. Basi kutoka chuma hadi ardhini kuna mpira wa sentimita 12 na kidogo. Mkijumlisha rimu na mpira wa juu na wa chini, gurudumu zima lina kimo cha sentimita 68.

Tulikwenda kulipima na lile gari la zamani, ambalo bado limeegeshwa, kuku wamelala ndani. Tairi lake ni 7.00-16, la mtindo wa zamani. Gurudumu zima lilikuwa na kimo cha sentimita 78. Rimu yake ya inchi 16 ni sentimita 40 na nusu, kwa hiyo mpira ulikuwa na ubavu wa zaidi ya sentimita 18.

Basi rimu imeongezeka inchi 1. Gurudumu zima limepungua sentimita 10. Na mpira ulio kati ya chuma na jiwe umepungua sentimita 6, ambayo ni thuluthi nzima. Hilo ndilo gurudumu kubwa tuliloletewa.

Baada ya hapo mmoja wetu, ambaye tutamwita mwanasheria kwa kuwa hupenda kubishana, akasema, "Ngojeni. Rudini kwenye chaki." Tukarudi. Katika lile shimo la sentimita 40, gurudumu la zamani lilishuka sentimita 5 na nusu, na jipya sentimita 6 na nusu. Tofauti ni sentimita 1 tu! Yaweza sentimita 1 kumlaza mtu hospitali? Tuliona haya kidogo, maana tulikuwa tumekwisha kufurahi. Lakini swali lile lilitusaidia, kwa kuwa lilituonyesha kwamba kimo cha gurudumu si habari yote. Iliyo kubwa zaidi ni ule upepo.

Mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alimfungia mwanawe mirija ya mpira yenye upepo kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, kwa sababu magurudumu magumu yalimtikisa mtoto. Hakuongeza ukubwa wa gurudumu. Aliweka upepo kati ya chuma na barabara. Tairi likikutana na jiwe dogo, mpira hubonyea, jiwe huingia ndani ya tairi, gari halipandi. Ndiyo springi ya kwanza ya gari, nayo iko kabla ya springi za chuma. Mpira wenye ubavu mrefu una nafasi ya kubonyea. Wenye ubavu mfupi hauna nafasi, na umefanywa mgumu makusudi ili gari lisiyumbe kwenye kona. Jiwe likija, mpira hubonyea kidogo kisha chuma hupokea, na kilichopokewa na chuma hufika kitini.

Sisi watu wa reli ndio tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Mwenye kufika katika Makumbusho ya Reli pale Nairobi na asimame karibu na ile injini ya Garratt ya aina ya 59 ataona magurudumu ya kuendeshea yenye kimo cha futi 4 na inchi 6. Mtu mfupi aweza kujificha nyuma yake. Injini 34 za aina ile zilijengwa Uingereza miaka ya 1955 na 1956. Lakini magurudumu yale hayakuwapa madereva na wachochea moto safari ya starehe, kwa sababu ni chuma juu ya chuma. Kila kiungo cha reli walikisikia miguuni. Gari la moshi huenda kwa ulaini pale genge lilipopanga kokoto na mataruma vizuri na springi za behewa zikawa nzima. Tukiacha kiungo kimoja kishuke milimita chache, abiria humwaga chai. Barabara ya udongo haina genge la kuitengeneza kila siku, kwa hiyo kazi ile hufanywa na tairi.

Kuna ushahidi mwingine ulio karibu nasi. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilirudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikifanyika Naivasha na kufika hata Soysambu karibu na ziwa Elmenteita. Magari yale hugharimu fedha nyingi kuliko tutakazopata sote maishani, na mafundi wake wangeweza kupewa rimu ya ukubwa wowote. Lakini kanuni za mashindano yale zimeweka rimu ya inchi 15 kwa barabara za udongo na mawe, na inchi 18 kwa lami. Tafadhali lisikieni vizuri: kwenye mawe, rimu ndogo na mpira mwingi, kwenye lami laini, rimu kubwa na mpira kidogo, ambayo hushika kona vizuri na huacha nafasi ya breki kubwa. Na zamani Peugeot 404, iliyoshinda Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na rimu ya inchi 15 na mpira mnene. Wazee waliopanda teksi za Peugeot miaka ile wanajua jinsi zilivyokwenda.

Haki isemwe pia. Kutoka Nakuru hadi njia panda ya Rongai, juu ya lami, basi jipya ni bora kuliko gari la zamani. Ni kimya, haliyumbi, mtu aweza kusinzia. Yule aliyelichagua pengine alilijaribu pale tu. Taabu yetu yaanza tunapoacha lami na kufuata njia ya udongo kando ya reli, tukipanda kuelekea Timboroa, mahali barabara imefanya mawimbi kama bati na mawe yamejitokeza baada ya mvua. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi.

Madaktari wamepima kwamba mwili wa mtu aliyeketi huumia zaidi kwa mtikiso wa juu na chini unaorudi mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa kuwa uti wa mgongo na matumbo hutikisika pamoja nao. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa amri mwaka 2002 kwamba mwajiri apime mtikiso unaompata mfanyakazi kwa siku na kuuzuia usipite kiasi. Hapa kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampasa mwajiri kuangalia usalama, afya na hali njema ya wafanyakazi wake kazini. Hatusemi haya ili kutisha mtu. Twasema ili wajumbe wajue kwamba mgongo si jambo la kuombea huruma.

Mambo mawili zaidi tuliyakuta ambayo hatukuyatafuta.

La kwanza ni uzito. Tulifungua gurudumu la akiba la basi na kuliinua, kisha la gari la zamani. Tulidhani lenye rimu ya kung'aa litakuwa jepesi. Halikuwa. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito, hata ikiwa ya madini mepesi, kwa sababu chuma kimechukua mahali pa upepo. Na uzito ulio chini ya springi ni uzito mbaya. Likipigwa na jiwe, gurudumu zito hurushwa kwa nguvu na springi haiwahi kulituliza, ndipo mnaposikia nyuma ya gari ikigonga-gonga kama mtu anayepigilia msumari.

La pili lilitutia hasira, kisha tukacheka. Tulipima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kipimo kilisoma 65. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandika 46. Tulimwuliza dereva, naye ni kijana mwema, akasema alijaza kama ilivyoandikwa kwenye tairi. Ndugu, namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni mwisho wa kiasi ambacho tairi laweza kuchukua. Kiasi kinachofaa gari kimeandikwa mlangoni. Tulikuwa na mpira mfupi, kisha ukajazwa hadi ukawa kama jiwe. Dereva alipunguza hadi 46, tukaenda kazini, na wote mlioketi nyuma siku ile mliuliza kama barabara imetengenezwa. Lakini mtu asipunguze chini ya namba ya mlangoni akitafuta ulaini zaidi. Tairi lenye upepo mdogo hupata moto na kupasuka, na sisi hupita mteremko wa Salgaa pamoja na malori.

Basi tunaombaje? Hatuombi gari la zamani lirudi, ingawa mmoja wetu angelipenda. Fundi alituonyesha kwamba basi hili laweza kuvaa rimu ya inchi 16 yenye tairi 215/65R16. Fanyeni hesabu: ubavu wa mpira utakuwa sentimita 14 badala ya 12, na gurudumu zima litakuwa sentimita 68 na nusu, karibu sawa na sasa, kwa hiyo halitagusa mwili wa gari wala kudanganya saa ya mwendo. Yapasa ihakikishwe kwamba rimu haigusi breki, na kwamba namba ya mzigo ya tairi haipungui, kwa kuwa twapanda watu 14 na vyuma vyetu. Sentimita 2 za mpira hazitafanya barabara ya udongo kuwa lami. Zitaongeza kwa sehemu ya nane ule upepo ulio kati yetu na mawe.

Twaomba pia vyuma viondolewe kwenye viti vya katikati na kuwekwa nyuma. Katika basi kama katika behewa, mahali palipo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ndipo penye ulaini, na kiti kilicho nyuma ya ekseli hurushwa zaidi. Sasa hivi mitaimbo na jeki za reli ndizo zinazosafiri kwa starehe, na wazee wa genge wameketi juu ya ekseli ya nyuma. Hili halihitaji shilingi hata moja, na twaweza kulianza kesho asubuhi wenyewe. Tena twamwomba dereva apunguze mwendo kwenye mawimbi ya barabara, nasi tusimpigie kelele aharakishe jioni kwa sababu ya mpira wa miguu.

Wajumbe watakwenda kwa mkandarasi Jumatano. Vipimo vyote vimeandikwa kwenye karatasi moja, pamoja na bei ya rimu 4 tulizoziona Nakuru, zilizotumika lakini hazijapinda. Karatasi iko kwa katibu. Kila mwenye maumivu ya mgongo ampe katibu jina lake na cheti cha hospitali kabla ya Jumanne jioni. Na kipima upepo kirudishwe kwa fundi, maana tulimwahidi siku 2 na sasa ni wiki.